Nyumba, Hati na Mgeni: Kuisoma By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Jina la riwaya hii, iliyotolewa mwaka 2001, humwelekeza msomaji baharini. Sisi twaona kwamba moyo wake umo katika nyumba, au tuseme wazi zaidi, katika karatasi zinazoeleza nyumba ni ya nani.

Saleh Omar, mzee wa Zanzibar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick na kisanduku cha udi. Afisa wa uhamiaji anakichukua. Kisha anapitishwa katika majengo yasiyo yake: mahali pa kuwazuilia wageni, nyumba chafu ya Celia ya kulaza wageni, hatimaye makao katika mji mdogo wa pwani. Nyumba ya Celia imechorwa harakaharaka, karibu kuwa mzaha, na hapo twaona upungufu.

Zile za Zanzibar zimejengwa kwa subira. Rajab Shaaban Mahmud anaiweka nyumba yake rehani kwa mfanyabiashara Hussein. Hati inapita mikononi mwa Saleh Omar, muuza samani, naye anaidai nyumba na kuipata pamoja na vyombo vyake. Mtoto Latif anatumwa na mama yake kuiomba meza ya mpingo, anarudi mikono mitupu. Meza hiyo yasema mengi kuliko bahari yote. Shamba la Nabothi nalo lilichukuliwa kwa barua zenye muhuri. Lakini Saleh Omar si Ahabu, sheria ilikuwa upande wake, na hilo ndilo linalotusumbua. Baadaye, alipolazimika kukimbia, alisafiri kwa jina la Rajab Shaaban. Aliyemtoa mwenzake nyumbani akajisitiri ndani ya jina la mtu yule yule.

Msomaji wa Karagwe na Kyerwa hawezi kuiona habari hii kuwa ya mbali. Katika mahubiri yetu, turubai za kambi za wakimbizi wa Rwanda za 1994 hadi 1996 hutajwa mara nyingi, maana aliye chini ya turubai hadai ukuta wala mpaka wa shamba. Ugumu uko kwa wale waliofika tangu 1959, wakajenga, wakapanda migomba, wakazikana hapa. Katika operesheni ya mwaka 2013 ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali, familia zilizokaa kwetu miaka mingi zilivuka mpaka zikiacha nyumba. Nani alilala humo? Mimbarani hatukuuliza, nasi tulikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Latif, sasa mwalimu wa chuo kikuu London, anamtembelea mzee huyo. Wanaketi katika nyumba isiyo ya ukoo wowote, kila mmoja akisimulia ile iliyopotea. Twasikitika tu kwamba Asha, mama yake Latif, hapewi nafasi ya kusimulia upande wake.