Mwili wa Shujaa Unaochakaa: Uhakiki wa Filamu ya Logan (2017)

Filamu nyingi za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida humpa mhusika mkuu mwili usio na historia. Hupigwa, huanguka, huinuka, na katika filamu inayofuata huwa kama mtu asiyepata kuguswa. Logan, iliyoongozwa na James Mangold na kutolewa mwaka 2017, inakwenda kinyume na desturi hiyo. Hugh Jackman, aliyeanza kuigiza uhusika huu katika X-Men ya mwaka 2000, anarejea akiwa na mvi, anachechemea na kukohoa. Makucha ya chuma yaliyokuwa yakichomoza mikononi mwake kufumba na kufumbua sasa hukwama, na mojawapo hana budi kulivuta kwa vidole. Chuma hicho, adamantiamu, ndicho kilichomjengea sifa. Ndicho pia kinachomuua polepole kwa sumu.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kutomkumbuka hapa Fumo Liyongo, hasa anavyosawiriwa katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913. Liyongo hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ichomwayo kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa, baada ya kuaminiwa siri hiyo. Ulinganisho huu haudai kwamba kazi moja imeiathiri nyingine. Faida yake ni kwamba kazi zote mbili zinaiweka hatima ya shujaa katika kipande kimoja cha chuma na katika mkono wa mtoto, kisha zinaachana njia. Logan anatunza risasi moja ya adamantiamu kwa nia ya kujiua. Laura, msichana aliyetengenezwa maabara kutokana na chembe za mwili wake, anaitumia risasi hiyo kumpiga X-24, nakala ya Logan isiyo na uzee wala dhamiri. Mtoto wa Liyongo anammaliza baba. Laura anakimaliza kile ambacho waliomtia baba yake chuma walitaka awe. Risasi ya kukata tamaa inageuka kuwa risasi ya kumkinga mtoto, na mageuzi hayo yanafanyika bila hotuba yoyote.

Hata hivyo, uzito wa hisia katika filamu hii hautokani na mapambano. Unatokana na kazi ya kumtunza mzee. Hadithi inatendeka mwaka 2029. Charles Xavier, aliyekuwa mwalimu na kiongozi wa X-Men, amefichwa ndani ya tangi la maji lililoanguka, upande wa Meksiko wa mpaka. Ubongo wake unazeeka, na kila anaposhikwa na kifafa akili yake huwagandisha watu wote walio karibu, hata kuwaua. Logan anaendesha gari la kukodi ili apate fedha za dawa. Anampa vidonge, anambeba hadi chooni, anagombana naye kama wagombanavyo watu waliochoshana lakini hawawezi kuachana. Ni nadra kwa filamu za aina hii kuonyesha kwamba ushujaa una zamu ya usiku. Patrick Stewart anauigiza uzee huo bila kuomba huruma: mara ana matusi, mara ana utoto, mara ana hekima ileile ya zamani.

Kilele cha uhusiano huo ni onyesho la kitandani, katika nyumba ya familia ya Munson iliyowakaribisha chakula na malazi. Charles anakumbuka hatimaye maafa aliyoyasababisha Westchester, na anaungama mbele ya mtu anayemdhania kuwa Logan. Aliye mbele yake ni X-24, na ungamo linajibiwa kwa makucha. Kinaya hiki ni kikali kuliko mapigano yote ya filamu, kwa kuwa mzee anapata kusema la moyoni mwake, ila sikio lililokusudiwa halipo. Logan anapomzika kando ya maji, maneno yanamshinda. Anataja kwamba pale pana maji, anakwama, kisha anaugeukia mwili wa gari na kuupiga kwa sepetu.

Hapohapo ndipo filamu inapostahili kulaumiwa. Familia ya Munson, wakulima Weusi wanaobanwa na kampuni kubwa ya mahindi, inaangamia yote usiku huo kwa kosa la ukarimu. Will Munson, akiwa katika dakika zake za mwisho, anamwelekezea Logan bunduki na kufyatua, risasi zimekwisha. Tendo hilo ni hukumu nzito: mwenyeji anamtambua mgeni wake kuwa chanzo cha msiba. Lakini filamu inaitoa hukumu hiyo kisha inaiacha njiani. Charles anapewa kaburi na machozi. Akina Munson hawapewi hata kutajwa tena. Gabriela, muuguzi kutoka Meksiko aliyehatarisha maisha ili kumtoa Laura maabara, naye anasahaulika upesi vivyo hivyo. Kazi inayotufundisha kwamba kila kifo kina gharama haikupaswa kuigawa gharama hiyo kwa upendeleo wa namna hii. Mswada wake uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, lakini uteuzi huo hauzibi pengo hili.

Mazishi ya mwisho yanayaweka mambo haya pamoja. Laura, aliye kimya kwa zaidi ya nusu ya filamu, anatamka kaburini pa Logan maneno aliyoyasikia katika Shane (1953), filamu aliyoitazama na Charles hotelini. Wapo watakaouona mwingilianomatini huu kuwa hisia za kuazima. Lakini mtoto aliyelelewa maabara angeyatoa wapi maneno mengine ya kuzikia? Logan mwenyewe, mtu mzima aliyeishi miaka mingi, hakuyapata alipomzika Charles. Wenzake wanapoanza kuondoka, Laura anaung'oa msalaba wa vijiti na kuulaza upande, ukawa herufi X.