Sindibadi wa Sinema na Hamali Aliyeachwa Mlangoni

Watu wazima wanapozikumbuka filamu za ajabu walizozitazama utotoni, aghalabu husema kwamba za siku hizi hazina ladha. Kauli hiyo ni nyepesi kutamkwa na nzito kuthibitishwa. Mazimwi ya leo huundwa kwa kompyuta, na hata unywele mmoja mmoja huonekana ukipeperuka. Ya zamani yalikuwa vijisanamu vya mpira. Lau ladha ingekuwa ni kushabihi uhai, ya leo yangeshinda bila ya ubishi. Basi kinachotamaniwa hasa ni nini, na je, hamu hiyo husema kweli?

Mfano mwema ni The 7th Voyage of Sinbad, filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na Nathan Juran na kutolewa mwaka 1958. Jina linalokumbukwa zaidi si la mwongozaji bali la fundi wa mazimwi, Ray Harryhausen, aliyezaliwa mwaka 1920 na kufariki mwaka 2013. Ufundi wake ulikuwa wa subira. Kijisanamu chenye viungo vya chuma ndani yake kiliwekwa mbele ya kamera, kikasogezwa kidogo, kikapigwa picha moja. Kikasogezwa tena, kikapigwa nyingine. Sekunde moja ya filamu hula picha 24. Ndivyo kiunzi cha mifupa kilivyopigana kwa upanga na Sindibadi, ilhali mwigizaji wake, Kerwin Mathews, alipokuwa akipigwa picha alikuwa akikata upepo mtupu.

Jicho halihadaiki kabisa. Kiunzi kile kina mwendo wa kushtukashtuka, na wapo wanaouhesabu kuwa ni kasoro iliyosamehewa kwa sababu ya utoto tu. Hukumu hiyo haitoshi. Msikilizaji wa utenzi naye anajua fika kwamba hapana shujaa aliyewahi kumuaga mamaye kwa mishororo ya mizani nane. Hata hivyo analia. Kanuni inayosikika haiui hisia. Ni mapatano baina ya mtunzi na msikilizaji: mmoja hutoa umbo, mwingine hutia roho. Mshtuko ule wa kiunzi ni alama ya mkono wa fundi, na mtoto aliyekuwa akitazama aliyajaza mapengo yake bila ya kuombwa.

Wasimulizi wa Unguja waliyajua mapatano haya kabla ya kuwapo sinema. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyomo katika mkusanyiko wa Edward Steere uliochapishwa mwaka 1870, kijana humwinda nunda mla watu. Kila mnyama amuuaye humburura hadi nyumbani, na kila mara huambiwa na mamaye kwamba siye. Msikilizaji humjenga nunda kwa kumkosa. Kila mnyama asiyekuwa yeye humzidishia ukubwa. Zimwi lililokamilishwa na kompyuta hadi tundu za ngozi halimwachii mtazamaji sehemu yake ya kazi. Hiyo ndiyo kweli iliyomo ndani ya hamu ya wazee, nayo haipasi kudharauliwa.

Lakini hamu hiyo ina upande wa pili, ambao wapenzi wa filamu hii hawautaji sana. Katika Alfu Lela Ulela, safari saba za Sindibadi Baharia hazisimuliwi hivi hivi. Hamali maskini, mwenye jina kama lake, huutua mzigo mlangoni pa tajiri na kulalamika kwamba wengine hustarehe na wengine hubeba. Sindibadi humwita ndani, na safari zote ni jibu la lalamiko lile. Kila siku humaliza kwa kumpa vipande 100 vya dhahabu. Jibu linatosha au halitoshi, msomaji ataamua. Swali limekwisha kuulizwa.

Filamu ilichukua vioja na kuliacha swali. Jitu linalobanika mabaharia limetoka katika safari ya tatu. Yai la ndege Rukhu linalovunjwa na wenye njaa ya kifaranda limetoka katika safari ya tano. Jini wa taa limeazimwa kwa Aladini. Mfanyabiashara amegeuzwa mwana wa mfalme, na Bahari ya Hindi, yenye bandari, bidhaa na hasara zake, imepungua kuwa maji ya kuvukia kwenda kisiwani kwa mazimwi. Hamali hayumo kabisa. Kwa msomaji wa pwani, ambaye kwake hamali ni mtu wa gatini mwenye jasho lake, huko si kupunguza dogo.

Mtoto hawezi kulaumiwa kwa kutokuona kilichokosekana. Mtu mzima anaweza, na hapo ndipo kumbukumbu inapopimwa. Hamu inayotaka kila kitu kibaki kama kilivyokuwa hurudi na mazimwi peke yake. Hamu iliyokomaa huusifu mkono wa Harryhausen kwa haki yake, kisha huuliza nani aliyeachwa nje ya mlango. Mwenye kuwaonyesha wanawe pambano la kiunzi atafanya vyema, usiku huo huo, kuwasimulia pia habari ya hamali na mzigo wake.