Gauni la Njuga: Ngoma ya Uganga Katika Uwanja wa Chuo Kikuu

Uhakiki wa sanaa za maonyesho umezoea kumtenga fanani na hadhira: mmoja huonyesha, wengine hutazama. Mgawanyo huo hulifaa jukwaa la tamthilia, lakini hupwaya mbele ya ngoma ya uganga. Hayo hudhihirika katika ngoma ya gauni la njuga ya Waojibwe, wenyeji asilia wa nchi ya Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, ambayo siku hizi huchezwa pia katika viwanja vya vyuo vikuu.

Masimulizi ya Waojibwe huifungamanisha asili ya ngoma hii na homa ya mafua iliyouenea ulimwengu mwaka 1918 na 1919. Baba wa binti aliyekuwa mahututi aliota ndoto, akaonyeshwa gauni lililoshonewa njuga za bati, pamoja na nyimbo na hatua zake. Binti alivikwa gauni, akaanza kucheza kwa unyonge, na kabla ya ngoma kwisha akawa anacheza na wenziwe. Fani yake inaafikiana na asili hiyo. Hatua ni fupi, miguu haiachani sana na ardhi. Na mlio wa njuga si pambo, bali ni sehemu ya dawa. Mwili wa mchezaji ndio ala, na mwenye kusikia tayari yumo katika tiba.

Hapa Kiswahili kinamfaa mhakiki. Neno "ngoma" hubeba chombo kinachopigwa, mchezo unaochezwa na, katika uganga wa pepo wa pwani, tiba yenyewe. Mfasiri atakayeiita ngoma ya Waojibwe "dansi" atakuwa ameiondoa dawa na kubakiza miguu.

Lakini ngoma ya uganga inapoletwa chuoni, mwele ni nani? Chuo Kikuu cha Minnesota, tawi la Morris, kimejengwa mahali palipokuwa na shule ya bweni ya watoto wa wenyeji, iliyofunguliwa na watawa wa Kikatoliki mwaka 1887, ikachukuliwa na serikali, kisha ikafungwa mwaka 1909. Shule za namna hiyo ziliwatenga watoto na wazazi wao na kuwakataza lugha zao. Mwaka 1921 ofisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia mambo ya wenyeji ilitoa waraka wa kuzibana ngoma zao. Leo wanafunzi wenyeji huandaa papo hapo powwow, yaani mkutano mkubwa wa ngoma, na jumuiya nzima ya chuo hualikwa.

Yaweza kudaiwa kwamba kule kuketi pamoja tu kumekwisha kuwaunganisha watu. Hoja hiyo ni pungufu. Katika uganga wa pwani jamaa wa mwele hawaji kutazama. Huitikia nyimbo, huchangia gharama, na hukubali kwamba ugonjwa wa mmoja umeingia nyumbani mwa wote. Kwa kipimo hicho, chuo kinachopiga makofi kimepata onyesho. Chuo kinachokiri kwamba ardhi yake ndiyo ilikozaliwa maradhi kimeingia kilingeni. Huko Morris upo ushahidi wa mchango: hati ya mwaka 1909 ilishurutisha wanafunzi wenyeji wasome bila ada, na sharti hilo lingali linatekelezwa.

Haina budi kasoro moja itajwe. Katika powwow nyingi gauni la njuga hushindaniwa kwa zawadi mbele ya waamuzi. Mashindano huinua ustadi na kuwavuta vijana, lakini huyageuza macho kutoka kwa mwele kwenda kwa mshindi.

Idara za lugha za Kiafrika zinazorekodi ngoma za uganga zimo katika mtihani uo huo. Utepe huhifadhi wimbo na pigo. Hauhifadhi wajibu wa waitikiaji kwa mgonjwa. Uchambuzi wa fani na maudhui usiouliza ni nani aliyekuwa akitibiwa, na ni nani aliyemwitikia, utakuwa umeiacha ngoma nje ya mlango.