Bunduki ya Kuazima

Kila wanapoirudisha filamu ya The Ghost and the Darkness kwenye televisheni huletewa swali lilelile: Patterson, yule mhandisi wa reli, alikuwa na bunduki ndogo mno kwa simba wa Tsavo waliokula watu? Hapana. Ile bunduki yake ya .303 ilitosha. Kosa lake ni kwamba siku aliyoihitaji kuliko siku zote aliiacha, akabeba bunduki nzito ya mwenzake ambayo hajapata kuijaribu.

Tukio mnalikumbuka: simba katoka kichakani, Val Kilmer, aliyeigiza Patterson, kamlenga, mtambo unagonga, kimya. Filamu ile ya 1996 inasema mwenye bunduki alikuwa Dakta Hawthorne. Katika kitabu cha Patterson mwenyewe, kilichotoka 1907, aliyemwazima ni Farquhar. Ilikuwa 9 Desemba 1898, asubuhi. Wafanyakazi wa reli wamekizingira kichaka kwa nusu duara wakipiga ngoma na makopo, na Patterson kajibanza ng'ambo ya pili, nyuma ya kichuguu, kando ya njia ya wanyama. Dume kubwa likatokea. Linakuja taratibu, linasimama, linageuka kuangalia zile kelele. Akaliacha lisogee hadi yadi kama 15, akalenga ubongo. Mwindaji anaweza kuzeeka asipewe nafasi kama ile. Akavuta, ukasikika mlio mkavu wa chuma. Alipolitoa ganda baadaye aliona fataki imebonyea kidogo tu. Pini haikuigonga sawasawa.

Linaloniuma zaidi ni lililofuata. Bunduki ilikuwa ya mitutu miwili. Ule wa kushoto ulikuwa na risasi yake, nzima, inangoja kidole tu, naye akausahau! Akaishusha bunduki begani kwa nia ya kuijaza upya, simba yuko mbele yake. Aliyelelewa na mitutu miwili, wa kwanza ukigoma kidole huhamia kwenye wa pili kabla akili haijajua kilichotokea. Mkono wa Patterson ulikuwa umezoea silaha nyingine. Aliponusurika, alinusurika kwa sababu simba alibabaishwa na makelele akaruka pembeni. Hapo ndipo akakumbuka mtutu wa kushoto, akampiga, akasikia ngurumo ya hasira, kisha mnyama akampotea kwenye majabali. Mla watu yuleyule, na sasa kajeruhiwa.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye alikiri: aliilaani saa ile aliyoitegemea silaha ya mtu.

Kwa nini aliichukua? Kwa sababu ilikuwa nzito. Huu ndio ugonjwa ambao nimeuandikia mara nyingi na nitauandikia tena: imani kwamba unene wa risasi unaziba pengo la mazoezi. Mnyama hauawi na unene. Risasi inatakiwa ifike uhai ulipo, na mpigaji awe na uwezo wa kuipeleka pale. Risasi za .303 za jeshi siku zile zilikuwa na uzito wa grein 215, yaani gramu 14 hivi, zikienda kama mita 600 kwa sekunde. Ni risasi ndefu na nyembamba, ile inayopasua mfupa bila kupinda njia. Kwa fuvu la simba, yadi 15, utataka nini zaidi? Bunduki nzito ingemwongezea teke begani na uzito mikononi, basi.

Mwangalieni Bell. Miaka hiyohiyo, kijana wa Kiskoti asiyefika hata miaka 20, alikuja kwenye reli hiyohiyo kuwinda simba wanaowasumbua wajenzi, na alichobeba ni .303. Baadaye akaenda Karamoja, Uganda, jina la Karamojo likamganda. Tembo wake wengi aliwaua kwa 7x57, ile ambayo Waingereza huiita .275 Rigby: risasi ya grein 173, kama theluthi tu ya uzito wa risasi ya .450 waliyokuwa wakijivunia wenzake. Alimpasua tembo fuvu kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi ukimtazama kutoka kila upande. Na sababu yake ya kuipenda ile 7x57 watu huiruka: risasi zile za Kijerumani zilialika kila alipovuta, ilhali .318 yake ilimchelewea na kumgomea. Tembo zaidi ya 1,000 ni wengi mno na nawasikitikia, lakini kwa kuchagua risasi sijamwona wa kumshinda.

Kanuni ya leo ya kutaka .375 kwa wanyama hatari sina ugomvi nayo. Risasi hiyo ilitoka 1912, Patterson hangeweza kuipata.

Usiku uleule wa tarehe 9 alipanda dungu la futi 12, chambo kikiwa punda aliyeuawa na simba wenyewe, akamwua wa kwanza. Kazi safi. (Na simba wale hawakuwa na manyoya ya shingoni. Ngozi zao ziko Chicago tangu 1924, kila mtu anaweza kuziona, na bado filamu ikatuletea simba wa sarakasi wenye manyoya tele.)

Wanaoidharau .303 hukimbilia simba wa pili, 29 Desemba, aliyepigwa risasi na akazidi kuja. Ni kweli alizidi kuja. Patterson akanyoosha mkono kuidaka bunduki ya akiba ya Martini, asiione: Mahina, mbeba bunduki wake, alikuwa ameshapanda nayo mtini. Patterson naye akapanda, simba akimkosa kidogo tu. Alipata muda wa kupanda kwa sababu mnyama alikuwa anaburuta mguu mmoja wa nyuma, na mguu ule ulikuwa umevunjwa na risasi ya .303.