Mwanafunzi wa Hesabu na Kitabu cha Kitereza

Wako vijana wa Shinyanga na Geita wasomao hesabu vyuoni, ambao ukiwapa kitabu kisicho cha darasani hukuuliza, "Je, kitatoka katika mtihani?" Sisi twawapa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kazi ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kisicho mbali na Geita. Alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, kisha akakifasiri mwenyewe. Kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980.

Wazazi wa Bugonoka wamemchukua binti yao, maana hana mtoto na jamaa za mumewe wamsimanga. Myombekere, ili arudishiwe mkewe, atozwa pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angalisema, "Akaitengeneza, akaipeleka." Kitereza haruki hatua: kuivisha ndizi, kuzikamua, kuichachusha pombe, kila tendo lasimama juu ya lililotangulia, kama hoja za Euklidi.

Wako walalamikao kwamba kitabu chachosha. Ni kweli, mahali pengine chatutembeza polepole kupita kiasi. Walakini kijana arukaye mistari ya uthibitisho ndiye hasa ahitajiye mwendo huo. Tumewaona walimu wapatao jibu sahihi ubaoni, wasipate maneno ya kumweleza mtoto njia waliyopita; naye huondoka akidhani hesabu ni uganga. Na huko Geita, kesho mtoto huyo atauza dhahabu yake kwa mtu aijuaye mizani kuliko yeye.