Silabi ya Kulilia

Katika "De Vlieger", wimbo wa mwaka 1977, mwimbaji Mholanzi André Hazes anaanza kama mtu anayesimulia ya nyumbani kwake. Baba anasema mwanawe alitimiza mwaka mwingine, akaomba tiara, akanunuliwa. Hakuna neno gumu, na sauti iko chini, haina haraka. Kikiingia kiitikio, anayesema si baba tena. Ni mtoto mwenyewe: ana barua ya mama yake aliye mbinguni, anataka kuifunga kwenye tiara imfikie huko. Hapo ndipo Hazes anapopandisha sauti. Ubeti mzima mtu mzima amejizuia, na kilio amepewa mtoto, ambaye haoni haya kulia.

Maneno hayo Hazes aliyatunga mwenyewe. Nyimbo za aina hii, ambazo Waholanzi huziita levenslied, zilikuwa za baa na mitaa ya wafanyakazi, na wasomi wengi walizidharau. Nadhani hawakuzisikiliza vizuri. Kulia wimboni kila mtu anaweza. Kujua ni silabi ipi ya kulilia, hiyo ndiyo kazi. Hazes huivuta irabu ya mwisho wa mshororo, akaiacha itetemeke mpaka ikaribie kukatika, kisha akaidaka. Maneno mengine huyatamka tu, kwa lafudhi ya Amsterdam, kama mteja anayeongea akiwa ameegemea kaunta.

Lafudhi hiyo ni ya De Pijp, mtaa wa Amsterdam alikozaliwa tarehe 30 Juni 1951. Soko la Albert Cuyp liko mtaani humo, na Hazes alipokuwa na miaka 8, mwigizaji Johnny Kraaijkamp alimsikia akiimba pale, akamfikisha kwenye televisheni. Umaarufu huo wa utotoni haukudumu. Baadaye alihudumu katika baa, na naamini kaunta ilimfunza kuliko kamera: mnywaji aliyezama katika mazungumzo hageuki mpaka asikie jambo linalomgusa. Mwaka 1976, kwa msaada wa mwimbaji Willy Alberti, akarekodi "Eenzame kerst", wimbo wa mfungwa aliye mpweke siku ya Krismasi.

Kisha ikaja 1981 na albamu ya "Gewoon André", chini ya mtayarishaji Tim Griek. Mwaka uliofuata kijana wa sokoni aliimba Concertgebouw, ukumbi mashuhuri wa muziki wa kale wa Ulaya.

Wimbo wake "Zij gelooft in mij" ninaurudia kila mara. Muziki wake ulijulikana kwanza kwa Kenny Rogers, ambaye aliuimba kwa ulaini. Hazes anauimba koo likiwa limebana, kama mume aliyechelewa kurudi na anajua amekosa, na wimbo unakuwa wake. John Appel aliazima jina la wimbo huo kwa filamu yake ya 1999, inayomwonyesha Hazes bila kuficha pombe wala hofu zake.

Hazes alifariki tarehe 23 Septemba 2004, akiwa na miaka 53. Jeneza liliwekwa katikati ya uwanja wa Amsterdam ArenA, mbele ya maelfu ya watu. Mashabiki wa timu ya soka ya Ajax bado wanaimba humo "Bloed, zweet en tranen", wimbo wake wa 2002. Ubeti wake uko karibu na mazungumzo, lakini kiitikio kimejengwa kwa irabu pana ambazo hata asiyejua kuimba anaweza kuzishika, na ndiyo maana uwanja mzima unaingia kwa pamoja.