Woga wa kuazima na woga wetu

Kati ya vijana wa Goma wanaopenda kuandika, kuna aina moja ya hadithi inayowavuta sana: hadithi ya kutisha ya mtindo wa gothiki. Hizi ni zile hadithi zilizoanzia Ulaya, za nyumba kubwa ya zamani, siri ya ukoo na mfu asiyekubali kulala. Kijana anaangalia filamu usiku, asubuyi anashika kalamu. Katika hilo hakuna ubaya. Hata wazee wetu walipokea hadithi kwa majirani wakazipika upya kwa moto wao. Swali ni hili: kijana anachukua nini katika ile filamu, na anaacha nini?

Mara nyingi anachukua vitu vya juu juu tu. Theluji inaanguka, mlango wa kasri unalia, bwana mwenye koti jeusi anatokea. Kiisha anabadilisha majina, anasema hadithi ni mpya. Hapana, si mpya. Ni shati la mtu mwingine lililotiwa vifungo vingine.

Tuchukue mfano wa filamu iliyozaa nyingine nyingi: Nosferatu ya Mjerumani F. W. Murnau, ya mwaka 1922. Ilitolewa bila ruhusa katika kitabu Dracula cha Bram Stoker, cha mwaka 1897. Dracula akaitwa Orlok, na wenye filamu wakadhani makambo yamekwisha. Mjane wa Stoker alikwenda kortini, na mwaka 1925 korti ya Ujerumani iliamuru nakala ziharibiwe. Ni bahati kwamba chache ziliponea.

Lakini tuseme haki yao pia. Katika kitabu, Dracula anaweza kutembea mchana. Katika filamu, mwangaza wa jua njo unamuua. Leo watu wengi wanafikiri hiyo ni imani ya kale sana, kumbe ilizaliwa mule mu filamu. Majina mapya hayakuwaokoa wale watu mbele ya korti, lakini wazo moja jipya limeishi zaidi ya miaka mia. Somo liko wazi kwa kila anayetaka kuandika hadithi yake mwenyewe kutoka filamu ya wengine.

Sasa tuangalie mifupa ya ile filamu. Ubaya wake hauanzi na meno, unaanza mu ofisi. Kijana mmoja anatumwa kwenda kumuuzia Orlok nyumba, na nyumba yenyewe inatazamana na ile ya kijana. Kiisha mgeni anafika kwa merikebu, pamoja na masanduku ya udongo, panya na tauni. Karatasi ya mauzo ndiyo iliyomfungulia mlango.

Nani katika Goma haelewi makambo ya kiwanja? Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji ikashuka mpaka ziwani. Hata kanisa kuu la Saint-Joseph liliharibika. Watu walirudi upesi wakajenga juu ya mawe yale yale, wakati mipaka ya zamani ilikuwa imezikwa. Kuna nyumba zinazosimama leo juu ya nyumba. Mtu akiuza kiwanja pale, anauza nini: jiwe la juu, au sebule ya watu iliyo chini? Hapo kuna hadithi nzima, na haihitaji kasri.

Kuna tena mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu. Juu ya uzito wake inalala mabondeni, zaidi usiku na asubuyi mapema wakati upepo umetulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupona pale ambapo mbuzi au mutoto anakufa, kwa sababu kifo kinakaa chini. Wazazi wanasema tu: « Usipite kule asubuyi, iko mazuku. » Wataalamu wa volkano wa nchi nyingi wanatumia neno hili letu katika maandishi yao, na waandishi wetu wanaliacha, wanakwenda kuazima ukungu wa London.

Na juu ya mlima wenyewe, mapokeo ya Ryangombe yanasema kwamba roho za walioingizwa katika ibada yake zinakwenda kupumzika Karisimbi, na za wengine zinateseka mu moto wa Nyiragongo. Wafu wetu walikwisha kupewa makao, mwandishi hana haja ya kuwatafutia mengine mbali.

Lakini hapa tunafika kwenye jambo zito. Mwandishi wa Ulaya alitisha wasomaji waliokaa salama. Sisi tunaandika mahali ambapo Julai 1994 kolera iliua makumi ya maelfu ya wakimbizi, na Januari 2025 vita viliingia mji tena. Mfu katika hadithi ya hapa anaweza kuwa na mama anayesoma. Asitumiwe kama kitisho cha kuchezea.

Kosa baya kuliko yote ni la kumfanya mama mzee wa jirani kuwa zimwi, sawa vile filamu nyingi za uchawi zinavyofanya. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake walioitwa wachawi waliuawa na vikundi vya watu, wengine kwa moto. Hadithi inayomwonyesha msomaji mzee wa kuogopa inaweza kumpa mtu sababu ya kuokota jiwe. Nosferatu inafundisha kinyume: tumtazame pia aliyetuma, na aliyetia sahihi.

Wengine watasema afadhali hadithi za kutisha ziachwe kabisa. Sikubaliani. Zimwi la wazee lilikuwa na kazi, lilimzuia mtoto asiende peke yake mahali pa hatari. Woga wa namna hiyo una faida, kwa sababu unaonyesha hatari iko wapi kwa kweli.

Basi, kijana mwandishi, angalia filamu, hata mara tatu. Kiisha uizime, utoke inje, uulize watu wa avenue yako: chini ya nyumba hii kulikuwa nini, na nani aliiuza? Andika lile watakalokujibu kwa sauti ya chini.